Mazungumzo Yetu: Kwenda Nyangwe kwa Miguu



Wanafunzi 12 wa Kasongo wametuletea barua nzuri, yenye hati safi, wakitaka shauri. Katika likizo kubwa wanakusudia kutoka Kasongo hadi Nyangwe kwa miguu, wakilala njiani. Wanasema wamechoka kusoma habari za nchi yao katika vitabu vya wageni, nao wataka kuikanyaga wenyewe. Wameuliza mambo manne: safari hiyo yataka siku ngapi, wachukue vitu gani, je, yafaa kuwakodi watoto wa vijijini wawabebee mizigo, na je, wasichana wa darasa lao waruhusiwe kufuatana nao. Swali la tatu ndilo lililotufanya tuijibu barua hii hapa, mbele ya watu wote, wala si kwa bahasha.

Kwanza tuseme kwamba nia yenu imetupendeza. Wako wazazi watakaouliza sababu gani mtu atembee siku tano penye pikipiki. Tunawajibu hivi: aliyekwenda kwa pikipiki amefika, lakini ukimwuliza jina la kijito alichovuka, atakuambia kulikuwa na vumbi jingi. Kijana atakayelala usiku nne katika vijiji vya watu wengine, akala chakula chao, akachota maji yao, atarudi akiwa na elimu ambayo mwalimu hawezi kuiandika ubaoni. Lakini safari ya namna hii hutengenezwa nyumbani. Njiani hakuna tena kutengeneza, ni kuvumilia tu.

Tuanze na majira. Huku kusini mwa Maniema mvua hupungua mwezi wa Mei, kiangazi hushika tangu Juni hadi Agosti, na Septemba mvua hurudi. Likizo yenu basi yaangukia mahali pazuri. Hata hivyo kiangazi chote si kimoja. Mwanzoni majani bado ni marefu kupita kichwa cha mtu, na asubuhi yamejaa umande. Anayetangulia njiani huloa kana kwamba amevuka mto. Baadaye watu huchoma nyika, na njia huwa wazi, mtu akaona vilima vya mbali. Ila vijito vidogo hukauka, na moto wenyewe ni hatari. Sisi tungechagua wiki ya pili au ya tatu ya Julai. Mkiona moshi mbele yenu upande upepo unakotoka, msijaribu kuupita mbio. Rudini mahali palipokwisha kuungua, au penye udongo mtupu, mngoje. Moto wa majani makavu hupita upesi; walio hatarini ni wale wenye haraka kuliko moto.

Anayetaka kujua safari ya masika ilivyo, na akumbuke habari za Daktari Livingstone. Tarehe 16 Februari 1871 aliondoka Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, na Nyangwe akaifikia tarehe 29 Machi. Hizo ni siku 41, na mwendo wenyewe, mtu akivuta mstari ulionyooka katika ramani, haufiki kilomita 200. Alitimiza miaka 58 akiwa njiani, katika matope na majani yaliyoloa. Wala hilo halikuwa tatizo lake kubwa, kama mtakavyoona tutakapofika habari za miguu.

Sasa siku ngapi? Kutoka Kasongo hadi Nyangwe, kwa mstari huo wa ramani, ni karibu kilomita 60. Lakini hakuna binadamu anayetembea juu ya mstari wa ramani. Njia huzunguka kilima, hushuka kutafuta kivuko, hupitia kijijini kwa sababu njia zote hupenda kijiji. Kwa tahadhari hesabuni 75. Kijana mzima asiye na mzigo aweza kufanya kilomita 30 kwa siku, nasi twajua kwamba kati yenu wako watakaosema siku mbili zatosha na ya tatu ni ya kufua nguo. Msiwasikilize. Wekeni kilomita 15 kwa siku, yaani siku tano, na juu yake siku moja ya akiba ambayo hamkuipangia kazi yoyote. Nchi ile ni ya vilima na mabonde. Vilima si virefu, lakini ni vingi, na kila bonde lina maji au tope chini yake. Mtu hachoshwi na kilima cha kwanza, bali cha saba, ambacho ni sawasawa na kile cha kwanza.

Watu wa misafara ya zamani walilijua jambo hili kuliko sisi. Siku ya kwanza walikwenda mwendo mfupi mno, wakapiga kambi karibu na mahali walipotoka. Wageni walidhani ni uvivu. Kumbe ilikuwa akili: jioni ya kwanza ndipo mtu anapogundua amesahau chumvi, au kamba ya mzigo ni mbovu, au mwenzake ni mgonjwa na alikuwa akificha, na nyumbani bado ni karibu. Basi nanyi siku ya kwanza tembeeni kilomita 8 tu, mkalale. Aliyesahau kitu arudi kukitwaa. Mwenye homa arudi kwa mama yake bila aibu. Siku zinazofuata ondokeni kabla ya jua kuchomoza, pumzikeni saa nne asubuhi, na saa nane mchana mwe mmekwisha kufika mnapolala. Anayefika jua likizama huchota maji gizani, hupika gizani, na hulala mahali asipopaona.

Misafara ile ilikuwa na kirangozi mbele, na nyuma kabisa alikuwako mnyapara asiyemwacha mtu njiani. Vijana wa leo humweka mbele yule mwenye mbio kuliko wote, na nyuma hawaweki mtu. Sisi twashauri kinyume. Mbele aende yule mzito wa miguu, awapimie wengine mwendo. Na nyuma aende mtu mzima, mwalimu au katekista, aliye na sanduku la dawa.

Sasa twafika swali la mizigo.

Mmeandika kwamba katika vijiji vya njiani wako watoto wengi wasio na kazi, ambao kwa fedha kidogo wangefurahi kuwachukulia vitu, na kwamba mkiwa wepesi mtaweza kutazama nchi vizuri. Hatuwalaumu kwa kuuliza. Ni heri anayeuliza. Lakini twawaomba mfikiri njia hiyo ni njia gani.

Ni kipande cha barabara ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikashuka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Mtowa, ikapanda milima, ikaja Kabambare, ikaja Kasongo, ikaishia Nyangwe penye Mto Lualaba. Kwa barabara hiyo vilikuja vitambaa, shanga, bunduki na baruti. Kwa barabara hiyo ziliondoka pembe za ndovu, na watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, siku baada ya siku, juu ya kichwa au bega. Si wote waliobeba walikuwa watumwa. Wanyamwezi wengi walijikodisha kwa ujira wao, nao walijivunia kazi hiyo. Lakini wengi wa Maniema walioiacha nchi yao kwa njia ile waliiacha wakiwa wamefungwa, na tena wamebebeshwa pembe ya mtu mwingine. Desturi hiyo haikwisha utawala wa Waarabu ulipokwisha. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliitwaa Nyangwe Machi 1893, na Kasongo Aprili mwaka huohuo. Bendera ikabadilika, wabebaji wakabaki walewale. Katika vita vya 1914 hadi 1918, jeshi la Kongo lilipokwenda Tabora, wapagazi zaidi ya 200,000 waliandikwa, na Maniema ilitoa wengi sana. Wako ambao hawakurudi. Na si lazima kwenda mbali hivyo. Waulizeni baba zenu habari za vita vya 1996 hadi 2003. Mashariki ya Kongo wako watu waliokamatwa njiani wakienda shambani, wakabebeshwa risasi na vyakula vya askari, hata leo mabega yao yakumbuka.

Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtoto wa miaka 11 atakayebeba shehena yenu kupanda vilima vile, ninyi mkitembea nyuma yake mikono mitupu mkitazama nchi, hiyo nchi mtakuwa hamkuiona. Tena mtoto huyo ana masomo yake, au ana mbuzi wa baba yake. Basi jibu letu ni hapana. Katika safari hii kila mtu abebe chake. Mkitaka kumkodi mtu, mkodini mzee mmoja wa kuwaonyesha njia, mlipeni ujira wa haki mliopatana kabla ya kuondoka, naye atembee bila mzigo.

Mkikubali hayo, jambo la pili, la vitu gani vya kuchukua, hujibika lenyewe kwa upesi. Maana anayebeba chake mwenyewe hapendi vitu vingi. Kipimo chetu ni hiki: mzigo wote, pamoja na maji, usizidi sehemu moja kwa tano ya uzito wa mwenye kuubeba. Mwenye kilo 50 asizidishe kilo 10. Pimeni kwenye mizani ya dukani, msipime kwa macho.

Chakula ni hesabu rahisi. Mchele nusu kilo kwa mtu kwa siku, watu 12, siku 6 pamoja na ile ya akiba: ni kilo 36, yaani kilo 3 kila mtu. Hapa twaona watu wa Kasongo wana bahati, kwa kuwa mpunga ni mazao yao; nao uliletwa na haohao wenyeji wa barabara tuliyoitaja. Wengine watapenda unga wa muhogo. Unga hupikika upesi kuliko mchele na hutaka kuni chache, lakini ukiloa umekwisha. Ongezeni karanga za kukaanga, samaki wakavu, chumvi, na mawese katika chupa yenye kifuniko kigumu. (Kifuniko hicho kijaribuni nyumbani kwa kuipindua chupa usiku mzima. Mawese yakimwagika katika blanketi, safari nzima itanuka mawese.) Msibebe mboga. Sombe na ndizi mtanunua vijijini, na fedha zenu zitabaki kwa mama wa watu, jambo ambalo nalo ni heshima.

Sufuria mbili kubwa zatosha watu 12. Panga moja, wala si matano. Kila mtu: blanketi jepesi, kwa sababu usiku wa Julai una baridi, chandarua chenye dawa, kwa sababu mbu hawana likizo, nguo za kubadili mara moja, kofia, sabuni, chombo cha maji cha lita 2. Kila watu wanne turubai moja. Nguo ziwe za rangi nyeupe au ya kahawia hafifu. Mbung'o, yule nzi aletaye malale, huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na Maniema ni nchi ambayo ugonjwa huo unafahamika toka zamani. Basi kaptura za shule za buluu ziacheni nyumbani.

Maji yanywewe yaliyochemka tu. Yakitokota vizuri kwa dakika moja yatosha. Chemsheni jioni, yalale yapoe, asubuhi jazeni vyombo. Na tafadhali, msiogelee katika maji yanayokwenda polepole au yaliyotulia, hata mkiona watoto wa kijiji wanaogelea. Watoto hao wana kichocho, wengi wao bila kujua. Kuoga ni kwa ndoo. Mmoja wenu akishikwa na kuhara, pasheni maji yaliyochemka lita moja, tieni vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mnywesheni kidogokidogo bila kuchoka. Asipopata nafuu, au damu ikionekana, safari yake imekwisha: apelekwe kituo cha afya. Hapo nanyi mna urithi mwema. Tangu mwaka 1971 waganga walifanya kazi ya miaka mingi katika nchi ya Kasongo, kutafuta namna vituo vidogo vya vijijini viwezavyo kuwatunza watu karibu na kwao, na kazi hiyo ikasomwa na waganga wa nchi nyingi duniani. Kabla ya kuondoka nendeni hospitalini, mwombe mwandikiwe majina ya vituo vya afya vilivyo wazi katika njia yenu, mviandike juu ya ramani kwa wino mwekundu.

Sasa miguu. Hapa twaomba msiruke mistari.

Tumetaja kwamba Livingstone alitumia siku 41 kutoka Kabambare. Hatukutaja kwamba kabla ya hapo, katika mwaka 1870, alikaa ndani ya kibanda palepale Kabambare kwa siku 80, hawezi kutoka, kwa sababu ya madonda ya miguu. Mtu aliyevuka Afrika toka bahari hata bahari alishindwa na kitu kilichoanza kama mchubuko. Wenyeji walilijua donda hilo, nasi twaliita donda ndugu: jani kali hukata, au kiatu huchubua, tope huingia, na baada ya siku chache nyama huoza hadi karibu na mfupa. Kinga yake si dawa ya ajabu. Ni sabuni na maji safi kila jioni juu ya kila mkwaruzo, hata mdogo kama chembe ya mtama, kisha kukausha na kufunika kwa kitambaa safi. Wekeni sheria: kila jioni, kabla ya chakula, kila mtu humwonyesha mwenzake nyayo zake, na yule mwenzake hutazama penye vidole kama kuna funza. Wavulana wataona haya siku ya kwanza. Siku ya tatu hawataona tena.

Viatu vipya ni adui. Anayetaka kununua viatu kwa safari hii na avinunue mwezi mzima kabla, avae kila siku kwenda shuleni na shambani. Tena mjizoeze: Jumamosi tatu kabla ya safari tembeeni na mizigo yenu kamili, Jumamosi ya kwanza kilomita 6, ya pili 10, ya tatu 15, mkichagua njia yenye vilima. Jumamosi ya tatu mtashangaa jinsi mizigo ilivyopungua, kwa kuwa kila mtu atakuwa amekwisha kuacha nyumbani nusu ya vitu alivyosema hawezi kuishi bila hivyo.

Wasichana je? Barua yenu yauliza kama waruhusiwe, na mstari mmoja chini yaeleza kwamba wangesaidia kupika na kuchota maji. Mstari huo tumeusoma mara mbili. Ikiwa wanaitwa kwa kazi hiyo, basi ni lile jambo la wapagazi limerudi kwa mlango wa nyuma, na afadhali wakae kwao. Ikiwa wanaitwa kama wenzenu, na waje: kwa ruhusa ya wazazi wao iliyoandikwa, pamoja na mama mmoja wa parokia au mtawa, wakilala mahali pao mbali na wavulana, na zamu ya kuni, ya maji na ya sufuria ikienda kwa orodha bila kutazama nani ni nani. Wavulana wasiojua kupika wali wana majuma kadhaa ya kujifunza. Mama zao watafurahi.

Ruhusa nyingine ni ya wenye nchi. Mwalimu wenu aandike barua kwa wakubwa wa teritwari na kwa machefu wa vijiji mtakakolala, akitaja majina, tarehe na hesabu ya watu, na barua hizo zitangulie wiki mbili. Jibu lisipokuja, msiende kwa kubahatisha. Ulizeni pia habari za usalama, si mara moja bali mara tatu: mkipanga, wiki moja kabla, na asubuhi ya kuondoka. Waulizeni watu wanaosukuma baiskeli za mizigo, kwani hao hupita njiani kila siku na hujua nani yuko wapi. Wakisema msiende, msiende, hata kama mizigo imekwisha kufungwa na mama zenu wamekwisha kulia. Wako kati yenu waliopendekeza kuanzia Kabambare, ili kufuata barabara yote. Milima ya upande huo ni mikali zaidi, mwendo ni mara tatu, tena teritwari ya Kabambare imeteswa na makundi yenye silaha katika miaka ya karibuni. Mwaka huu anzieni Kasongo.

Pangeni siku zenu ili Dominika iwakute mahali penye kikanisa na katekista. Paroko wenu atawaambia ni wapi. Kama hakuna Padri, salini pamoja na Wakristo wa hapo. Vijiji vingi mtakavyopita vina Waislamu, na Nyangwe ni mji wao wa zamani. Wasalimuni wazee kwanza, vueni kofia, msipike chakula cha kuwachukiza mbele yao, wala msiimbe nyimbo zenu kwa sauti wakati wa sala zao. Kiswahili tunachosemea na tunachosalia huku Maniema, Kingwana chetu, kililetwa na babu zao kwa njia ileile. Mapadri Weupe walipofungua misheni huko Kasongo mwaka 1903 walikikuta hapo tayari, nao wakafundishia dini kwa lugha hiyo. Si jambo dogo kwamba njia moja ilileta mnyororo na pia maneno ya Baba Yetu.

Hata mtakapofika. Nyangwe iko ukingoni mwa Lualaba, upande wa mashariki, juu ya ukingo ulioinuka, na mto hapo ni mpana, wa rangi ya udongo. Msitazamie majumba. Ombeni mzee mmoja awaonyeshe mahali soko la kale lilipokuwa. Katika siku za Livingstone soko hilo lilikutana kila siku ya nne, nalo lilikuwa soko la wanawake hasa, waliokuja kwa mitumbwi na kwa miguu na vyungu, samaki, mihogo, kuku na mafuta. Aliandika kwamba tarehe 15 Julai 1871 walikuwa kama watu 1,500. Ugomvi wa bei ya kuku ulisikika. Mara watu watatu wa kundi la mfanyabiashara mmoja wakaanza kupiga bunduki katikati ya watu. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikasongamana, wengi wakajitupa majini. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Majina yao hayakuandikwa. Habari ya siku hiyo ilipochapishwa huko Ulaya iliongeza nguvu za wale waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe, na soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Mkitembea wiki ile tuliyoitaja, mwaweza kufika karibu na tarehe hiyo ya 15. Tueni mizigo. Salini rozari moja kwa ajili ya marehemu wale, na kama Waislamu wa mji wanapenda kusimama nanyi wakiomba kwa namna yao, karibisheni. Baadaye mpumzike siku nzima, mfue nguo, mnunue samaki. Kwa kurudi, hapo hatukatazi pikipiki.

Tumesahau jambo moja dogo. Mmeuliza kama daftari ni mzigo wa bure. Sivyo, lakini chukueni penseli, si kalamu ya wino. Livingstone akiwa Maniema aliishiwa karatasi na wino, akaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, kwa wino alioutengeneza kwa maji ya matunda ya mti. Wino huo ulififia hata maandishi hayakusomeka tena, na hapo ndipo alipokuwa ameandika habari za siku ile ya Nyangwe. Zilipita karne moja na miaka 40 kabla ya wataalamu kuyasoma, mwaka 2011, kwa kuyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali. Penseli hustahimili mvua na jasho. Mmoja wenu aandike kila jioni: jina la kijiji, jina la kijito, saa za mwendo, bei ya ndizi, nani aliumwa, mzee gani alisimulia nini. Mkirudi tuleteeni daftari hilo, pamoja na uzito wa kila mzigo kama ulivyopimwa dukani, nasi tutalichapa katika ukurasa huu kwa faida ya watakaofuata mwakani.